Chama cha Taifa Kilichobaki Mkoani: Historia ya RCD katika Kabylia, Algeria

Makada wa vyama vilivyoleta uhuru wamezoea kukieleza chama cha upinzani chenye mizizi katika eneo moja kwa neno moja tu: ukabila. Neno hilo likishatamkwa mjadala hufungwa, na kila mtu hurudi kwenye kazi zake akiamini kwamba ameelewa. Sisi tunaona kwamba hayo ni maelezo ya kivivu. Katika makala hii tunataka kuyapima kwa mfano wa chama kimoja cha Afrika ya Kaskazini, yaani Mkusanyiko kwa ajili ya Utamaduni na Demokrasia, kinachojulikana zaidi kwa kifupisho chake cha Kifaransa, RCD.

Chama hicho kilizaliwa katika mkutano uliofanyika mjini Tizi Ouzou, Algeria, tarehe 9 na 10 Februari 1989. Hakikudai eneo la Kabylia lijitenge, wala hakikudai Wakabyle wawatawale wengine. Kilidai dini itenganishwe na dola, wanawake wawe sawa na wanaume mbele ya sheria, uchumi uachiwe soko, na lugha ya Kiberber itambuliwe kuwa mali ya Waalgeria wote. Ukiyasoma madai hayo bila kutazama ramani utasema ni madai ya chama cha taifa zima. Hata hivyo, kura zake zimetoka hasa katika milima ya Kabylia na katika mitaa ya Algiers wanakoishi watu waliotoka milimani huko. Kwa nini chama chenye programu ya taifa kilibaki kuwa chama cha mkoa? Na je, katika jambo hilo chama tawala cha Algeria, FLN, hakikuwa na mkono wake?

Ardhi, shule na safari ya ughaibuni

Kabylia ni nchi ya milima iliyoko mashariki ya Algiers. Tizi Ouzou iko kiasi cha kilomita 100 kutoka mji mkuu. Béjaïa iko pwani, mbele zaidi kuelekea mashariki. Watu ni wengi na vipande vya ardhi ni vidogo, vya mizeituni na mitini. Tangu zamani kila kijiji kilijiendesha kwa baraza lake la wanaume, liitwalo tajmaat, lililogawa kazi za pamoja na kutoza faini kwa wakosaji. Lugha yao, Kikabyle, ni tawi mojawapo la Kiberber, au Tamazight kama wenyewe wanavyoiita.

Wafaransa waliiteka Algiers mwaka 1830, lakini Kabylia haikushindwa mpaka 1857. Mwaka 1871 iliasi tena, ikiongozwa na El Mokrani na Sheikh El Haddad wa tarika ya Rahmaniya. Adhabu iliyotolewa ilivunja mgongo wa nchi: hekta zipatazo 450,000 zilinyang'anywa, faini ya mamilioni ya faranga ikatozwa, na viongozi wakasafirishwa hadi New Caledonia, kwenye bahari ya Pasifiki. Tunasisitiza jambo moja hapa, kwa sababu wapo waliodai baadaye kwamba Mkabyle ni mtu asiye na dini na rafiki wa Mfaransa. Uasi mkubwa wa 1871 ulitangazwa kuwa jihadi na sheikh wa tarika, katika milima hiyo hiyo ambayo miaka 118 baadaye ilizaa chama cha kutenganisha dini na dola.

Mkulima aliyepoteza ardhi hana budi kuuza nguvu zake. Wakabyle walikuwa miongoni mwa Waalgeria wa kwanza kuvuka bahari kwa wingi kwenda kufanya kazi katika viwanda na migodi ya Ufaransa. Huko ndiko walikokutana na chama cha wafanyakazi, mgomo, na gazeti la siasa. Mwaka 1926 ilipoanzishwa mjini Paris Nyota ya Afrika ya Kaskazini, chama cha kwanza kudai uhuru kamili wa Algeria, wanachama wake wengi walikuwa wafanyakazi wa Kikabyle, ingawa kiongozi wake aliyejulikana zaidi, Messali Hadj, alitoka Tlemcen, magharibi ya nchi.

Kwa upande mwingine mkoloni alifanya kazi yake ya kawaida ya kugawa na kutawala. Wasomi wa Kifaransa walitunga hadithi kwamba Mkabyle ni karibu Mzungu, kwamba Uislamu wake ni wa juu juu, na kwamba angestaarabika upesi kuliko Mwarabu. Kwa ajili ya hadithi hiyo walifungua shule za Kifaransa katika baadhi ya vijiji vya Kabylia tangu miaka ya 1880, mapema kuliko sehemu nyingi za vijijini za Algeria. Hadithi ilikuwa ya uongo, lakini shule zilikuwa za kweli. Kutoka katika shule hizo walitokea walimu, makarani, mawakili na madaktari, na kutoka katika hadithi ile ikatokea shaka ambayo haijaisha mpaka leo: kwamba kila Mkabyle anayedai kitu ni kibaraka wa Ufaransa.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Wakabyle si Waberber pekee wa Algeria. Wako Washawi wa milima ya Aurès, Wamozabi wa Ghardaïa, na Watuareg wa jangwani. Kama lugha peke yake ingetosha kuzaa chama, Aurès nayo ingezaa chake. Haikuzaa. Washawi wengi waliingia katika jeshi na katika FLN. Rais Liamine Zeroual mwenyewe alikuwa mtu wa Batna. Kwa hiyo tofauti haikutoka katika damu wala katika lugha tu. Tunaitafuta katika ardhi iliyopotea, katika uhamiaji na katika shule. Na zaidi ya hayo yote, tunaitafuta katika namna swali moja lilivyozimwa ndani ya chama cha ukombozi chenyewe.

Mwaka 1949

Kwa maoni yetu mwaka huu ndio ufunguo, ingawa hautajwi sana katika vitabu vinavyosomwa na makada wetu.

Mwishoni mwa 1948 chama kikuu cha wazalendo, MTLD, kilipeleka waraka wake Umoja wa Mataifa. Waraka huo ulieleza kwamba taifa la Algeria, la Kiarabu na la Kiislamu, lipo tangu karne ya saba. Kwa maneno hayo, karne zote zilizotangulia zilifutwa, na pamoja nazo wananchi wote ambao lugha yao ya nyumbani haikuwa Kiarabu. Vijana wa Kikabyle ndani ya chama walishtuka. Hawa hawakuwa wapinga uhuru. Walikuwa miongoni mwa wanachama wakali zaidi, waliokuwa wakidai vita vya silaha vianze. Walipendekeza kauli mbiu yao: Algeria ya Kialgeria. Katika tawi la chama nchini Ufaransa, ambako wafanyakazi wa Kikabyle walikuwa wengi, kamati ya uongozi ilipiga kura kukataa tafsiri ya Algeria ya Kiarabu peke yake. Viongozi wa juu walijibu kwa kulivunja tawi hilo na kulirudisha mikononi mwao kwa nguvu.

Katika mwaka huo wa 1949 vijana watatu, Mabrouk Belhocine, Yahia Henine na Sadek Hadjeres, walitoa kijitabu kwa jina la bandia la Idir el-Watani. Hoja yao ilikuwa kwamba taifa halihitaji kuwa la asili moja, dini moja au lugha moja ili liwe taifa. Linajengwa na watu wanaoishi pamoja katika nchi moja, wenye uchumi na historia ya pamoja. Ni hoja ambayo kada yeyote wa chama cha ukombozi Afrika kusini ya Sahara angeisoma bila kushangaa hata kidogo, kwani bila hoja hiyo hakuna hata moja ya nchi zetu ambayo ingeweza kuitwa taifa. Lakini uongozi haukuijibu. Uliwaita waandishi wake waasi na kuwapa jina la "Waberberisti", na kutoka siku hiyo jina hilo likawa shitaka. Hocine Aït Ahmed, Mkabyle aliyekuwa mkuu wa kikosi cha siri cha chama, aliondolewa katika wadhifa wake na nafasi yake akapewa Ahmed Ben Bella. Baadaye, wakati wa vita vya ukombozi, wawili kati ya viongozi wa kundi la 1949, Amar Ould Hamouda na Ouali Bennaï, waliuawa na wenzao wenyewe.

Tunajua hoja ya wale waliolizima swali hilo, na si hoja ya kudharau. Walisema adui ni mmoja na umoja ni silaha. Mkoloni angeutumia mgawanyiko wowote, kama alivyojaribu kuutumia tangu karne ya 19. Lakini kuahirisha swali ni jambo moja, na kuligeuza swali kuwa kosa la jinai ni jambo jingine. Chama kinachoahirisha humwambia mwanachama wake: subiri, tutalizungumza. Chama kinachogeuza swali kuwa kosa humfundisha mwanachama huyo huyo kwamba ndani ya chama hakuna mahali pa kulizungumzia kamwe.

Katika vita vilivyoanza tarehe 1 Novemba 1954 Kabylia ilitoa watu na damu kwa wingi. Krim Belkacem alikuwa mmoja wa waasisi sita wa FLN waliokuwa ndani ya nchi. Mkutano mkubwa wa Soummam, Agosti 1956, ulifanyika katika kijiji cha Ifri, katika bonde la Kabylia. Abane Ramdane, aliyeuongoza mkutano huo kwa fikra, aliweka msingi kwamba siasa itangulie jeshi, na kwamba Algeria huru itakuwa jamhuri ya demokrasia na ya jamii, isiyo ya kifalme wala ya utawala wa dini. Desemba 1957 Abane alinyongwa nchini Morocco na wenzake wa FLN, na wananchi wakatangaziwa kwamba amekufa vitani. RCD ilipozaliwa ilijitangaza kuwa mrithi wa Soummam. Urithi huo ulikuwa halali kwake kama ulivyokuwa kwa FLN. Tofauti ni kwamba FLN ilikuwa imeuficha kabatini.

Kutoka Aït Ahmed hadi chuo kikuu cha Tizi Ouzou

Uhuru ulipatikana Julai 1962. Tarehe 29 Septemba 1963 Aït Ahmed alitangaza mjini Tizi Ouzou chama cha FFS, yaani Umoja wa Nguvu za Kijamaa, akapinga utawala wa chama kimoja na wa mtu mmoja. Uasi wa silaha ukafuata. Mapigano ya mpakani na Morocco, Oktoba mwaka huo, yaliugawa uasi, kwani Kanali Mohand Ou el Hadj aliona ni aibu kupigana na serikali wakati nchi inashambuliwa, akarudi upande wake. Aït Ahmed alikamatwa Oktoba 1964, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa, na mwaka 1966 akatoroka gerezani na kwenda Ulaya. FFS inahesabu kwamba watu wake zaidi ya 400 walikufa.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Mwaka huo huo wa 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam, na Algeria ilikuwa miongoni mwa wajumbe tisa wa kwanza. Algeria ilitoa mafunzo na silaha kwa wapigania uhuru. Heshima yake ilikuwa kubwa na ilistahili. Lakini heshima hiyo ilitufanya wengi wetu tuisome Algeria kwa kitabu cha Fanon tu, tukaishia 1962. Waafrika kutoka kila pembe walifika Algiers mwaka 1969 katika Tamasha la Utamaduni wa Afrika Nzima, wakasherehekea utamaduni wa bara lote. Taos Amrouche, mwimbaji mkubwa wa nyimbo za kale za Kikabyle, hakupewa nafasi katika programu rasmi ya wenyeji.

Baada ya Kanali Houari Boumediene kushika madaraka tarehe 19 Juni 1965, sera ya kuifanya nchi itumie Kiarabu iliongezwa nguvu shuleni, mahakamani na maofisini. Haifai kuihukumu sera hiyo kwa haraka. Mkoloni alikuwa amekidhalilisha Kiarabu kwa miaka 130, na kukirudisha ilikuwa kazi ya ukombozi. Lakini Kiarabu kilicholetwa kilikuwa cha vitabuni, kikifundishwa mara nyingi na walimu kutoka Misri na nchi nyingine za Mashariki, na hata Mwalgeria aliyezungumza Kiarabu nyumbani kwake hakukizungumza hicho. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushindwa kuliona tatizo, kwa sababu Kiswahili kilipenya bara kwa njia ya biashara na kazi kabla dola haijakishika, na hakikumtaka Msukuma au Mhaya akane lugha ya mama yake. Algeria mambo yalikuwa mengine. Somo la Kiberber ambalo mwandishi Mouloud Mammeri alilifundisha katika Chuo Kikuu cha Algiers lilikomeshwa mwaka 1973.

Machi 1980 Mammeri alialikwa kutoa mhadhara katika chuo kikuu cha Tizi Ouzou kuhusu mashairi ya kale ya Wakabyle. Siku ya mhadhara, tarehe 10, wakuu wa serikali waliupiga marufuku. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: mzee wa makamo, kitabu cha mashairi, na ukumbi wa wanafunzi. Wanafunzi waliandamana. Gazeti la serikali, El Moudjahid, badala ya kueleza sababu za marufuku lilimshambulia Mammeri na kuutilia shaka uzalendo wake. Mgomo ukaenea katika chuo, hospitali na viwanda. Alfajiri ya tarehe 20 Aprili askari waliingia chuoni na kuwapiga wanafunzi katika mabweni. Watu 24 walikamatwa na kushitakiwa katika mahakama ya usalama wa dola. Wakaachiliwa mwezi Juni. Mmoja wao alikuwa daktari kijana wa magonjwa ya akili, Saïd Sadi, ambaye miaka tisa baadaye alikuwa kiongozi wa kwanza wa RCD.

Mwaka huo huo wa 1980 FLN ilifanya mkutano mkuu wa dharura. Katika kanuni zake iliweka kifungu cha 120, kilichosema kwamba hakuna mtu atakayeshika uongozi katika jumuiya za umma, kama vile vyama vya wafanyakazi, wanawake na vijana, bila kuwa mwanachama wa FLN. Yaani wakati Tizi Ouzou ilipokuwa ikionyesha kwamba vijana na wafanyakazi wana jambo la kusema, chama kilifunga milango ambayo wangepitia kulisema. Wanaotetea kushika hatamu kwa chama, nasi tumo miongoni mwao kwa historia yetu, wanapaswa kukisoma kifungu hicho kwa makini. Kwenye karatasi kiliongeza nguvu za chama. Katika maisha kiliwasukuma wanaharakati nje, wakajifunza kufanya kazi bila chama na dhidi yake. Mwaka 1985 baadhi yao, akiwamo Sadi, waliunda jumuiya ya kutetea haki za binadamu, wakatiwa gerezani, na walipotoka mwaka 1987 walikuwa na jina kubwa zaidi kuliko walipoingia.

Chama bila nchi nzima

Oktoba 1988 vijana wa Algiers na miji mingine waliasi kwa sababu ya bei, ukosefu wa kazi na dharau. Jeshi lilipiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 159, wengine wanahesabu 500. Katiba mpya ya Februari 1989 ilikubali vyama vingi. Siku chache kabla ya katiba hiyo kupigiwa kura, wanaharakati wa Harakati ya Utamaduni wa Kiberber walikutana Tizi Ouzou na kuibadilisha harakati kuwa chama.

Hapo ndipo matatizo ya RCD yenyewe yalipoanza, na haya hatuwezi kuyatupia FLN. Waasisi wake walikuwa madaktari, walimu, mawakili na wahadhiri, yaani mabwanyenye uchwara wa mjini waliosomeshwa kwa Kifaransa. Walikuwa na ujasiri na akili. Walipinga Sheria ya Familia ya 1984, iliyomfanya mwanamke mtu mzima awe chini ya walii wake katika ndoa, wakati vyama vikubwa vilinyamaza. Lakini katika uchumi hawakuwa na neno la kumwambia kijana asiye na kazi wa Bab el-Oued. Kijana huyo alipoambiwa soko huria alisikia bei kupanda. Alipoambiwa dini ikae mbali na dola alisikia kwamba hata kitu pekee alichobaki nacho kinataka kuchukuliwa. Chama cha Kiislamu, FIS, kilimwendea msikitini, kikampa msaada na hasira iliyopangika. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa, Juni 1990, FIS ilichukua zaidi ya nusu ya halmashauri za nchi. RCD ilishinda sehemu nyingi za Kabylia, lakini FFS ilikuwa imesusia.

Uchaguzi wa bunge wa tarehe 26 Desemba 1991 ulionyesha ukweli kwa tarakimu. Duru ya kwanza FIS ilipata viti 188, FFS 25, FLN 15. RCD ilipata kura zipatazo 200,000 nchi nzima, na kiti hakuna hata kimoja. FFS ya mzee Aït Ahmed, yenye maneno ya ujamaa na kumbukumbu ya 1963, iliishinda RCD milimani kwake yenyewe. Kwa hiyo hata ile hoja kwamba Kabylia ina chama chake kimoja haisimami. Kabylia ilikuwa na vyama viwili vilivyogombana, na Mkabyle alichagua kati yake kwa fikra zake.

Januari 1992 jeshi lilimwondoa Rais Chadli Bendjedid na kuifuta duru ya pili. FFS ilipinga, ikisema haitaki dola ya polisi wala dola ya dini. RCD iliunga mkono kusimamishwa kwa uchaguzi. Tuutazame uamuzi huu bila chuki. Viongozi wa RCD walijua kwamba baadhi ya wakuu wa FIS walikwishasema hadharani kuwa demokrasia ni kufuru. Waliamini kwamba uchaguzi huo ungekuwa wa mwisho. Katika miaka iliyofuata walimu, waandishi wa habari na wasichana wasiovaa hijabu waliuawa, na RCD iliwahimiza wananchi wa vijijini wajilinde kwa silaha. Nao walifanya hivyo. Lakini chama kinachodai demokrasia, kikishakubali kwamba kifaru kinaweza kusahihisha sanduku la kura, kimeazima nguvu ambayo si yake, na mwenye nguvu hiyo huidai siku anayotaka. Januari 1995 vyama vya FFS, FLN na FIS vilipotia saini mjini Rome mpango wa amani, RCD iliukataa. Novemba mwaka huo Sadi aligombea urais dhidi ya Zeroual, akapata zaidi ya asilimia 9 ya kura, kiwango cha juu kabisa alichowahi kufikia.

Jambo moja la miaka hiyo lilifanikiwa bila chama chochote kulimiliki. Kuanzia Septemba 1994 watoto wa Kabylia hawakwenda shule kwa karibu mwaka mzima wa masomo, wakidai lugha yao ifundishwe. Mei 1995 serikali ikaunda Baraza Kuu la Kiamazigh, na ufundishaji ukaanza. Harakati ya utamaduni wakati huo ilikuwa imegawanyika katika mkono wa RCD na mkono wa FFS, kila mmoja ukiitisha maandamano yake. Wazazi waliolipa gharama ya mgomo huo, kwa watoto wao kupoteza mwaka, walikuwa wengi kuliko wanachama wa vyama vyote viwili.

Wizara mbili na majira ya kuchipua ya 2001

Baada ya Abdelaziz Bouteflika kuchaguliwa mwaka 1999, RCD iliingia serikalini mwezi Desemba na kupewa wizara mbili. Ilitarajia kuibadilisha dola kutoka ndani.

Tarehe 18 Aprili 2001 mwanafunzi wa sekondari alipigwa risasi ndani ya kituo cha jandarma huko Beni Douala, karibu na Tizi Ouzou, akafa siku mbili baadaye. Vijana wa Kabylia waliingia mitaani na jandarma wakawapiga risasi kwa wiki kadhaa. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 126. RCD ilijitoa serikalini tarehe 1 Mei, lakini vijana walikuwa wamekwisha kuziona picha za mawaziri wake pembeni ya wale waliokuwa wakiamuru risasi. Ofisi za vyama, za RCD na za FFS pia, zilishambuliwa na vijana wa vijiji vile vile vilivyovipigia kura.

Uongozi ulihamia mahali pa kale. Mabaraza ya vijiji na ukoo, aarush, yalikusanyika, yakachagua wajumbe, na tarehe 11 Juni huko El Kseur yakatoa madai 15. Siku tatu baadaye mamia ya maelfu waliandamana Algiers. Madai mengi ya El Kseur yalikuwa ya nchi nzima, kama vile posho kwa wasio na kazi na vyombo vya dola kuwajibika kwa waliochaguliwa. Lakini yalisemwa kwa mdomo wa vijiji vya Kabylia, na wanawake hawakuwa na kiti katika mabaraza hayo. Kwa chama kilichokuwa kikipigania usawa wa wanawake, kushindwa huko kulikuwa na uchungu wa pekee.

Katika mwaka huo huo Ferhat Mehenni, mwimbaji aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa RCD, aliunda harakati ya kudai Kabylia ijitawale. Mwaka 2013 harakati hiyo, MAK, ilidai haki ya kujiamulia mustakabali, na 2021 serikali ikaitangaza kuwa kundi la kigaidi. Khalida Toumi, aliyekuwa mbunge wa RCD na mpinzani mkali wa Sheria ya Familia, alikwenda upande mwingine na kuwa waziri wa utamaduni wa Bouteflika kwa miaka zaidi ya kumi. Chama kilipungua kwa pande zote mbili: wale waliochoshwa na Algeria, na wale waliochoshwa na upinzani.

Dola nayo ilitoa kidogo kidogo ilichokikataa mwanzoni. Aprili 2002 Tamazight ikawa lugha ya taifa. Februari 2016, wiki chache baada ya Aït Ahmed kufariki uhamishoni Uswisi, ikawa lugha rasmi katika katiba. Mwaka 2018 Yennayer, mwaka mpya wa Kiberber, ikawa sikukuu ya nchi nzima. Kila hatua ilitangazwa kutoka juu na rais, ikisifiwa na magazeti yale yale ambayo zamani yaliliita dai hilo njama, na RCD haikupata kura hata moja ya nyongeza kwa kuwa ndiyo iliyolibeba. Katika bunge la 2017 ilikuwa na wabunge tisa. Ilishiriki katika maandamano makubwa ya 2019 yaliyomwondoa Bouteflika, ambamo bendera ya Kiamazigh ilipepea hata katika miji ya watu wazungumzao Kiarabu. Juni mwaka huo mkuu wa jeshi akaipiga marufuku, na vijana walioibeba wakafungwa. Ilisusia uchaguzi wa bunge wa 2021. Juni 2022 ilimchagua rais wake wa tatu, Atmane Mazouz, aliyekuwa mbunge wa Béjaïa.